Kona ya Masomo: MBA, masta ya fedha, au CPA kwanza?

Jamani tangu madirisha ya udahili yafunguliwe barua za masta ya biashara zimekuwa nyingi mpaka wale walioniuliza mambo ya ualimu nimewaweka pembeni, mtanisamehe, zamu yenu inakuja. Kwa mgeni wa kona hii, mimi nilisoma MBA ya jioni hapa Dar nikiwa kazini, alafu baadae nikakaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya udahili ya chuo fulani, sitakitaja, wenzangu bado wako kule. Kwahiyo mafaili ya waombaji nimeyashika kwa mkono, yaliyonyooka na yale yaliyofika yana duara la kikombe cha chai juu ya cheti. Na kitu nilichokiona kule ni kwamba wengi hawakatwi kwa kukosa akili, wanakatwa kwa kuomba kozi isiyo yao au kwa kuishia nusu ya tangazo. Twende kwenye barua.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa mikopo benki moja hapa Mwanza, nina BCom upande wa uhasibu, GPA 3.4, kazini huu mwaka wa nne. Meneja wangu kila tukikutana kwenye korido ananiambia kijana kasome masta, bila masta utazeekea hapo hapo. Nikiangalia vyuo naona MBA, naona MSc ya Fedha, naona MSc ya Uhasibu, na jamaa zangu wanasema achana na hayo yote piga CPA. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Nielekeze.
*Afisa wa Nyamagana*

Marahaba mdogo wangu. Meneja wako amekwambia masta, hajakwambia masta ya nini, na tatizo lote limeanzia hapo. Kesho ukimkuta tena kwenye korido muulize swali moja la adabu tu, bosi, cheo kipi hapa kwetu kinadai masta, na waliokikalia saivi wana makaratasi gani? Akikujibu vizuri utakuwa umeokoa milioni kadhaa kwa swali la dakika mbili. Asipojibu basi ujue alikuwa anakusalimia tu.

Sasa nikutofautishie. MBA ni kozi ya uendeshaji kwa ujumla, kidogo uhasibu, kidogo masoko, kidogo watu, kidogo fedha, kidogo mikakati. Ilivyoanza Harvard kule Marekani mwaka 1908 wazo lenyewe lilikuwa mtu anakuja na digrii yake ya kitu kingine kabisa, historia, sayansi, chochote, anafundishwa namna ya kuendesha biashara. Yaani ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye biashara hajaisoma! Huku kwetu ikageuka, aliyesoma BCom ndo anaikimbilia wa kwanza, na mwaka wa kwanza anakuta anarudia mambo aliyoyafanya akiwa mwaka wa pili wa digrii.

Nimeyaona kwa macho. Darasani kwetu upande wa dirishani alikuwa anakaa injinia wa maji, nyuma yake mfamasia, na pembeni yangu mhasibu wa kampuni ya usafirishaji. Kipindi cha uhasibu kwa mameneja kinaanza saa kumi na moja na nusu jioni, joto, feni inalia, injinia anatoka jasho anauliza kwa nini hela iliyoingia inaandikwa debiti wakati benki wao wanaiita krediti, mhasibu amelala. Muhula mzima amelala, mtihani kapata A. Na ada walilipa sawa. Ilipofika kozi ya kuongoza watu na ile ya mikakati ndo mhasibu akaamka, akasema huku ndo nilikokuwa nakuja, huko nyuma nimelipia usingizi.

Kwahiyo kabla hujalipa shilingi, fanya hivi. Chukua transikripti yako ya BCom, nenda kwenye tovuti ya chuo upakue orodha ya masomo ya hiyo MBA, weka karatasi mbili hizo mezani, chukua penseli, kila somo la MBA ambalo jina lake na yaliyomo yanafanana na ulilosoma piga mstari. Ukikuta umepiga mstari zaidi ya nusu, hiyo sio kozi yako, au sio saa hizi. Ukikuta robo tu, endelea.

MSc ya Fedha ni kitu kingine, inachimba shimo moja kwenda chini. Takwimu, uwekezaji, vihatarishi vya mikopo, thamani ya kampuni. Ni ya mtu anayetaka kukaa upande wa hazina, uchambuzi wa mikopo mikubwa, mifuko ya pensheni, soko la mitaji. Kama hesabu zilikuwa zinakupa homa usijidanganye kwa jina zuri la kozi. IFM pale mtaa wa Shaaban Robert wana masta za upande huo wa fedha na uhasibu, Mzumbe pia, na kwa MBA ya kawaida kuna shule ya biashara ya UDSM, kuna Mzumbe, kuna Chuo Kikuu Huria kwa wanaosoma kwa masafa, na wewe uliyeko Mwanza kuna SAUT pale Nyegezi wala hutahama nyumba.

CPA sasa. CPA sio digrii, ni leseni ya taaluma, inatolewa na bodi ya wahasibu NBAA kwa mitihani. Hakuna masta hata ya Oxford itakayokupa haki ya kusaini hesabu za mteja kama mkaguzi kama huna CPA, na kinyume chake CPA haikufundishi kuongoza watu 40 wa tawi. Soma matangazo ya kazi za uhasibu ya miezi mitatu iliyopita uone yanavyoandikwa, CPA(T) inawekwa kwenye sharti, masta inawekwa kwenye "itakuwa sifa ya ziada". Hiyo lugha ya tangazo ndo soko linakwambia bei. Na kwa watu wa benki kuna CPB, cheti cha kitaaluma cha taasisi ya mabenki TIOB, ambacho naona vijana wengi hawakijui kabisa wakati kiko kwenye uwanja wao.

Ningekuwa mimi kwenye viatu vyako, digrii ya uhasibu, hela ya kitu kimoja, ningeanza CPA. Mitihani ina misimu yake, Mei na Novemba, unalipa kidogo kidogo kulingana na masomo unayokalia, unasoma hapo hapo Mwanza na mshahara unaendelea kuingia. Masta utaifanya ukishapanda, kwa hela ya cheo kipya, na hapo utajua kama unaenda kuwa meneja wa tawi (MBA) au mtu wa hazina (MSc). Lakini kama meneja akikujibu kwamba kwenye benki yenu umeneja wa tawi haufikiki bila MBA na wewe ndo unakotaka, basi nitakuwa nimekosea, fuata ya aliyeko ndani. GPA ya 3.4 haikuzuii mlango wowote hapo.

Mwalimu mambo vipi. Naomba usinitaje. Nina digrii ya usimamizi wa rasilimali watu, GPA 2.5. Nimeomba MBA vyuo viwili vyote wamenikataa na hela ya fomu imeenda. Kuna mtu ameniambia anaweza kuirekebisha transikripti iwe 2.9. Nimekata tamaa.
*Msomaji, Tabata*

Poa, na pole. Nianze na hilo la mwisho. Huyo mtu mfute kwenye simu leo. Transikripti vyuo havisomi tu, vinaiuliza. Barua inatoka ofisi ya udahili inaenda kwa msajili wa chuo ulichosoma, jibu linarudi, na mimi nimewahi kufungua jibu la namna hiyo mhusika ameshasoma muhula mzima, ameshalipa, ameshatuma picha za darasani mtandaoni. Aliitwa, akaambiwa akae, akaonyeshwa karatasi mbili. Hakusema neno, alikunja mwavuli wake akatoka. Kuna kufukuzwa, na kughushi ni kesi ya jinai.

Sasa ukweli wa namba. Kwenye skeli yetu ya 5, daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, la pili juu ni 3.5 mpaka 4.3, la pili chini ni 2.7 mpaka 3.4, na 2.0 mpaka 2.6 wanaita pasi. Masta nyingi zinaanzia 2.7. Wewe una 2.5, umekosa pointi mbili tu za desimali, inauma lakini kompyuta ya udahili haina huruma, inakata kabla binadamu hajaona jina lako. Ndo mana umekataliwa kote kuwili, sio kwamba wamekuchukia.

Njia iliyopo halali ni PGD, stashahada ya uzamili, kwa kawaida mwaka mmoja, unasoma usimamizi wa biashara au fedha, ukitoka na ufaulu mzuri vyuo vingi vinakuchukua masta kana kwamba ile pasi haikuwepo. Watu wanaidharau PGD, wanasema ni kupoteza mwaka. Wewe umeshapoteza mingapi ukituma fomu zile zile? Na kama una miaka ya kazi ya kueleweka kuna vyuo vinaiangalia pia, ila hilo lisome kwenye tangazo la chuo husika, usiliamini kwa mdomo wa mtu wala kwa mdomo wangu. Piga simu ofisi ya udahili, sema "nina pasi ya 2.5 na miaka kadhaa kazini, mnanipokea au hamnipokei?" kabla ya kulipia fomu, mana hela ya fomu hairudi hata ukilia.

Habari mwalimu, nakusoma kutoka Kisauni, Mombasa. Nimemaliza digrii ya ekonomia mwaka uliopita, sekondi klasi apa. Bado sijapata kazi ya maana. Ndoto yangu ni kufanya MBA ng'ambo, Marekani ama Ulaya. Naskia lazima ule mtihani wa kuingilia shule za biashara, GMAT. Je nianze kusoma GMAT saa hii? Na barua za referii naeza andikiwa na nani kama sijafanya kazi?
*Mpwani*

Salama sana, na hongera ya digrii. Nitakukatisha tamaa kidogo kisha nitakunyanyua.

MBA za ng'ambo zile zenye majina hazichukui mtu asiyefanya kazi, ama zikimchukua ni mmoja kwenye mia mwenye kisa cha ajabu. Wengi wanaoingia wana miaka kama minne, mitano ya kazi. Sio roho mbaya. Darasa lenyewe linaendeshwa kwa kesi, unapewa kurasa ishirini za kampuni iliyokwama, kesho yake profesa anakunyooshea kidole mbele ya watu themanini anakuuliza wewe ungefanya nini, na jirani yako ambaye aliwahi kufukuza watu kazi anajibu kwa uchungu wake. Wewe utajibu nini, hujawahi hata kuomba likizo?

Ila kuna mlango mwingine umekaa wazi na wengi wenu mnaupita. Inaitwa masta ya menejimenti, Ulaya wanaifupisha MiM, na imewekwa maalum kwa mtu aliyetoka chuo juzi. HEC Paris wanayo, London Business School wanayo, St. Gallen ya Uswisi wanayo, na Uingereza vyuo vingi vina MSc ya menejimenti ya mwaka mmoja. Hapo ujana wako sio kasoro. MBA utaifanya ukiwa na thelathini na kitu, kama bado utaitaka.

GMAT. Kwanza ujue imebadilika, usinunue vitabu vya zamani pale barabarani hata kama bei ni ya kutupa. Toleo la sasa limeanza mwishoni mwa 2023 na tangu mapema 2024 ndo limebaki peke yake. Lina sehemu tatu, hesabu, lugha, na kusoma data, kila moja dakika 45, jumla saa mbili na robo. Alama zinaanzia 205 mpaka 805 na zote zinaishia na tano, kwahiyo mtu akikuringia amepata 700 juzi juzi ujue ni mtihani wa zamani ama ni uongo. Insha imeondolewa, jiometri imeondolewa, na kikokotoo unaruhusiwa kwenye ile sehemu ya data tu, hesabu zenyewe ni kichwa na mkono. Unaweza kurudi nyuma ukabadilisha majibu, lakini matatu tu kwa kila sehemu. Matokeo yanaishi miaka mitano. Nairobi kuna kituo, ama unafanyia nyumbani kama intaneti yako haikatiki, na Kisauni hapo mwenyewe unajua.

Vyuo vingi vinapokea pia mtihani mwingine wa kuingilia masta, GRE, badala yake, ambayo nayo imefupishwa Septemba 2023 ikawa chini ya saa mbili, na nayo inaishi miaka mitano. Fanya jaribio moja la bure la kila mtihani nyumbani, ule utakaokutesa kidogo ndo wako. IELTS na TOEFL, ile mitihani ya Kiingereza, ni miaka miwili tu, hizo usiziwahi mapema, na vyuo vingine vinakusamehe ukileta barua kwamba digrii yako ilifundishwa kwa Kiingereza. Usianze GMAT leo kabla hujaandika kwenye karatasi majina ya kozi tano unazozitaka na kuona kama zinaidai, zipo nyingi tu ambazo hazina habari nayo.

Alafu ratiba. Shule kubwa za Marekani zina raundi, ya kwanza Septemba, ya pili Januari mwanzoni, ya tatu karibu Aprili, na ya tatu kwa mtu anayehitaji viza na skolashipu ni kama kufika harusini wakati wanaosha masufuria.

Referii sasa, na hapa nisikilizeni wote mliotuma barua. Mazoea yetu ni haya: unamfuata mwalimu au bosi, yuko bize, anakwambia "andika mwenyewe niletee nisaini". Unaandika, unajimwagia sifa, mchapakazi, mwadilifu, anashirikiana na wenzake vizuri, anasaini. Kule ofisini barua za hivo tulikuwa tunazitambua kabla ya kumaliza mstari wa pili, lugha ni ile ile ya barua ya muombaji mwenyewe, hata makosa ya nukta ni yale yale. Barua moja iliyonibaki kichwani ilikuwa ya mwalimu wa takwimu, mistari saba, kaandika kwamba huyu binti alikuja ofisini mara tatu kubishana juu ya jibu la swali moja na mara ya tatu mwalimu akakubali kuwa yeye ndo aliyekosea. Basi. Hakuna "mchapakazi" hata moja. Alipita bila mjadala.

Wewe huna bosi, sawa, tafuta mhadhiri aliyekusimamia mradi wako wa mwisho, mpelekee transikripti, mradi wenyewe, na karatasi moja ya kumkumbusha mliyofanya pamoja, tarehe na vitu vyenyewe. Humwandikii barua, unamkumbusha. Mpe wiki nne. Sio siku nne. Na vyuo vya ng'ambo vinamtumia referii linki kwenye barua pepe yake ya kazi, kwahiyo ukiweka anwani ya mtaani kama ya mchezo mchezo unazua maswali.

Wakati huo huo tafuta kazi yoyote bana, hata ya kuhesabu kontena hapo bandarini. Mwaka mmoja wa kuhesabu kontena unaandikika insha nzuri kuliko ndoto.

Assalaam aleikum. Mimi niko Maskati, nasimamia stoo ya vipuri vya magari, nina diploma ya ugavi niliyosoma Zanzibar. Nimeona chuo onlaini wanatoa MBA kwa miezi mitatu, hawataki digrii ya kwanza, wanasema uzoefu wangu unatosha, na cheti kinakuja kwa DHL. Dola 900. Niingie?
*Mzenji ughaibuni*

Waaleikum salaam warahmatullah. Usiingie, kaka yangu. Hizo dola mia tisa mtumie mama.

Sio kwamba onlaini ni uongo. Chuo kikuu cha Illinois, Marekani, walianzisha MBA ya onlaini mwaka 2016 na kufika 2019 wakatangaza wanaacha ile ya kukaa darasani wanabaki na ya onlaini, na ni chuo cha serikali ya jimbo, hakijajificha. Kwahiyo onlaini sio tatizo. Tatizo ni hiyo miezi mitatu, kutotaka digrii, kutokuwa na mtihani, na haraka ya kukutajia DHL kabla ya kukutajia mwalimu hata mmoja.

Namna ya kupima ni hii. Kila nchi ina mamlaka inayotambua vyuo vyake, kwetu Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE. Uliza hicho chuo kimesajiliwa nchi gani, alafu nenda kwenye orodha ya mamlaka ya nchi hiyo ukitafute wewe mwenyewe, usibonyeze linki waliyokupa wao, mana matapeli wana mpaka mamlaka zao za ithibati za kujitungia. Juu ya hapo shule za biashara zina mihuri mitatu ya kimataifa, AACSB ya Marekani, AMBA ya Uingereza, EQUIS ya Ulaya. Zenye yote mitatu ni chache, Afrika unakuta kama UCT na Stellenbosch kule Afrika Kusini na Chuo cha Kimarekani cha Cairo. Kukosa mihuri hiyo sio dhambi, vyuo vyetu vingi vizuri havina, lakini chuo kikisema kinayo nenda kaangalie kwenye tovuti ya mwenye muhuri.

Na fikiria siku ya kurudi nyumbani. Cheti cha nje ukitaka kukitumia ajira serikalini au kuendelea na shule inabidi TCU waitathmini kwanza, na pale wanataka kuona ngazi zilizo chini yake. Masta kwenye mfumo wetu ni ngazi ya 9, digrii ya kwanza ni ya 8. Wewe una diploma ya 6. Utawaonyesha nini katikati? Fanya digrii ya kwanza, una uzoefu utaimaliza kwa wepesi, Chuo Kikuu Huria wanasomesha kwa masafa, na watu wa ughaibuni wamo. Ni miaka, najua. Lakini huyo wa miezi mitatu pia atakula miaka yako, tofauti hatakwambia.

Shikamoo kaka. Nina miaka 47, ni mkuu wa idara hospitali, digrii yangu ni ya uuguzi. Watoto wamekua. Nasikia kuna MBA na EMBA, tofauti ni nini, na mimi nisiye mtu wa biashara nitapokelewa?
*Mama wa Moshi*

Dada yangu shikamoo ni mimi ndo nikupe, umenizidi. EMBA ni MBA ile ile kwa mtu ambaye tayari anaongoza watu, inasomwa wikendi au kwa vipande ili asiache kazi, Chuo Kikuu cha Chicago ndo walianza nayo mwaka 1943. Wanadai miaka mingi ya kazi na uongozi, na wewe unayo mpaka ya kugawa. Utapokelewa, tena uuguzi wako ndo unakupa faida, soma pale juu nilivyoeleza MBA ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Karibu na wewe kuna chuo cha menejimenti cha ESAMI hapo Arusha. Kitu kimoja tu, wiki mbili kabla ya kuanza mtafute mtoto mmojawapo wa hao waliokua akukalishe na eksel na hesabu za asilimia, sio za kutisha, ila zikikukuta baridi wiki ya kwanza zitakuvunja moyo bure.

Mwalimu, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, Chevening, inalipia MBA? Nina mwaka mmoja na nusu kazini.
*Mdau, Dodoma*

Inalipia, lakini kwenye MBA kuna kikomo cha ada, kinachozidi unalipa mwenyewe, na MBA za Uingereza zinazidi haraka sana, kwahiyo wengi wanachagua MSc ya mwaka mmoja. Sharti la kazi ni miaka miwili, wao wanahesabu masaa 2,800, na masaa ya kujitolea na ya mafunzo kazini yanaingia, fanya hesabu yako vizuri unaweza kukuta umeshafika. Kozi unachagua tatu. Ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti, na insha zao usiandike usiku wa mwisho, wewe na nusu ya Dodoma mtakuwa kwenye seva moja. Bodi ya Mikopo usiitegemee sana kwa masta, mikopo yake kwa sehemu kubwa ni ya digrii ya kwanza.

Mwalimu samahani hili dogo. Cheti cha fomu foo jina langu la katikati limeandikwa herufi moja, kwenye digrii limeandikwa lote, na NIDA wameruka kabisa. Mfumo wa maombi unanikatalia. Dedlaini Ijumaa.
*Wa Kimara*

Wala sio dogo, hili nimeona limetoa watu wengi kuliko GPA. Nenda kwa wakili kesho asubuhi na vyeti halisi vyote vitatu, mwambie unataka hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ni karatasi moja, haichukui nusu saa kama hana foleni. Usikubali akuandikie bila kuviona vyeti, mana akikosea herufi unarudi mwanzo. Iskani pamoja na vyeti iwe faili moja la PDF, kwenye mfumo jaza jina kama lilivyo kwenye digrii, na uwapigie udahili uwaambie umeambatanisha kiapo. Ikiwa majina yanatofautiana kabisa, sio herufi tu, hapo kiapo hakitoshi, ni didi poli, yaani hati ya kubadili jina, iliyosajiliwa, na hiyo Ijumaa hii huiwahi, omba dirisha linalofuata. Piga simu saa mbili na nusu, saa nne wanaenda chai.